Kikombe Kimoja

Pale walipofika Nyamizi na mumewe Maganga palikuwa na msonge mmoja tu wa turubai, kando ya ziwa. Kutoka mjini ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, na anayekaa pale hujitegemea: hubeba chakula chake, hukata kuni zake, huchota maji yake. Maganga ndiye aliyetaka waje. Kwa miezi sita walikuwa hawasemezani, naye alisema wakikaa wawili mbali na watu watapatana.

Alishuka ziwani kufungua mtumbwi. Nyamizi akakoka moto, kisha akafungua mkoba alioufunga mumewe mwenyewe. Akatoa unga, chumvi na dagaa. Akatoa sahani moja, kijiko kimoja, kikombe kimoja cha bati. Akaukung'uta mkoba. Hamkuwa na kingine.

"Baba Kulwa," aliita kutoka mlangoni, akijitahidi sauti isitetemeke, "mbona umechukua kikombe kimoja?"

Maganga hakugeuka. "Kitatosha. Njoo kwanza tuzunguke ziwani kidogo, jua halijazama."

"Nakuja. Navaa viatu."

Akavivaa, akakaza kamba. Akainua turubai upande wa nyuma, akatambaa hadi kwenye majani, akashika njia ya mlimani bila kukimbia, maana kishindo kingesikika. Alipofika juu ndipo alipothubutu kutazama chini. Maganga alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, mkono mmoja ameshika mtumbwi, na ule mwingine ameunyoosha kuelekea mlangoni, kama mtu anayemsaidia mwenziwe kupanda.