Makofi kwa Picha

Profesa alitema pipi ya mnanaa kwenye leso, akaikunja leso, akairudisha mfukoni mwa suti yake mpya. Mbele ya wageni. Mtakwimu aliyeketi mkabala naye aligeuza uso.

Ukutani zilionyeshwa picha mbili za kifua cha mgonjwa mmoja. Katika ya kwanza, uvimbe wa saratani ulikuwa kama limau. Katika ya pili, baada ya dawa mpya, ulikuwa kama punje ya mahindi. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Wakala wa kampuni inayotengeneza dawa hiyo akapita meza kwa meza, akigawa keki kwa mikono yake mwenyewe.

“Huyu mgonjwa yuko wapi siku hizi?” mtakwimu aliuliza.

Makofi yakafifia. Wakala akamtazama Profesa.

“Alifariki,” Profesa alisema. “Lakini uvimbe ulipungua.”

“Kwa hiyo alizikwa na uvimbe mdogo.”

Mtu mmoja alikohoa. Wakala, bado anatabasamu, akamwekea mtakwimu kipande cha keki kikubwa kuliko vya wengine. Hakukigusa. Profesa naye alikisukuma chake pembeni kwa ncha ya kidole, kama kitu kilichookotwa jalalani. Ndivyo alivyokuwa siku hizi. Chakula cha kantini alikiona kinanuka, na salamu za mkono hakuzitaka tena. Mikono yake ilishinda mifukoni. Ukubwa umempanda kichwani, walinong’ona wafanyakazi wa kituo cha utafiti. Wengine walisema ni huyo wakala.

Ndicho kilichomuuma mtakwimu. Huyu ndiye mwalimu aliyemtoa ushamba wa kazi. Zamani, mwanafunzi akimletea matokeo yanayometameta, Profesa aliuliza swali moja tu: “Wangapi wako hai?”

Na ni yeye aliyempa kazi hii. Je, uvimbe ukipungua kwenye picha, mgonjwa huishi zaidi? Kama jibu ni ndiyo, dawa zingeweza kupitishwa kwa kutazama picha tu, bila kungoja miaka kuona nani amebaki. Mtakwimu alikusanya majaribio yote yaliyowahi kufanywa kwa saratani ya aina hiyo, akayalinganisha. Jibu likawa hapana. Dawa iliyopunguza uvimbe sana na dawa iliyougusa kidogo tu, wagonjwa wake walikwenda kaburini kwa mwendo uleule.

Baada ya kikao, Profesa alimwita ofisini. Alikuwa amefunga madirisha yote, na bado amevaa koti.

“Yale majaribio mawili ya zamani,” alisema, “yaondoe. Mashine zao zilikuwa mbovu.”

“Nikiyaondoa, mstari wa grafu unapanda.”

“Najua.”

“Nikiyaacha, umelala chali. Hiyo dawa hairefushi maisha ya mtu, Profesa. Inapendezesha picha.”

Profesa alitia pipi nyingine mdomoni, akainyonya taratibu. Sauti ile ya mate ilimsisimua mtakwimu vibaya, kama kusikia mtu anakula maiti.

“Katika wale ambao uvimbe wao ulinywea,” Profesa aliuliza, “hakuna waliodumu? Hata wachache?”

“Wachache wapo kwenye kila kundi. Hata kwenye kundi lisilopewa kitu.”

“Lakini wapo.”

“Wapo. Unataka niwaandikie hao wachache ripoti yao, ili kampuni ifurahi?”

“Mwanangu, bodi ya dawa ikikataa, dawa inasimamishwa kote. Hufikirii watu wanaoitumia?”

“Watu!” Mtakwimu alicheka kwa kinyaa. “Hiyo suti kakununulia nani?”

Profesa aliinamisha kichwa, akaitazama suti kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

“Za zamani zimenikataa,” alisema.

Mtakwimu alitoka bila kuaga. Alikwenda msalani, akafungua bomba, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwikoni, ingawa hakuwa ameshika chochote. Kisha akarudi mezani kwake, akaituma ripoti bodini jinsi ilivyo, na majaribio yote ndani.

Jibu la bodi lilifika wiki iliyofuata. Dawa imekataliwa. Isitolewe tena, kuanzia leo.

Karani alijaribu kumpigia Profesa, simu haikupokelewa. “Atakuwa wodi ya mchana,” alisema. “Siku hizi hashindi kule?”

Bila shaka, mtakwimu aliwaza. Yuko na wakala wake, wanakamua picha za mwisho kabla mlango haujafungwa. Alishuka ngazi mbilimbili. Safari hii angemwambia usoni, mbele ya huyo mgawa keki, kwamba aliyemfundisha kuhesabu walio hai alikufa siku nyingi, na huyu aliyebaki ni suti tu.

Wodi ya mchana, ya wanaotibiwa na kurudi nyumbani jioni, ilinuka dawa ya kuoshea sakafu. Viti vilikuwa vitupu, isipokuwa pembe moja iliyozungushiwa pazia la kijani. Muuguzi mkuu alimzuia kwa mkono.

“Ngoja kidogo, dada. Kuna mgonjwa.”

“Mimi simtafuti mgonjwa. Namtafuta Profesa.”

Muuguzi akavuta pazia.

Profesa alikuwa ameegemea kiti, blanketi mpaka kifuani, mpira wa dripu ukiingia mkononi.

“Wangu umepungua nusu, mwanangu,” alisema. “Haya, nisomee, wamesemaje?”