Sauti ya Udhuru

Siku hizi mfanyakazi wa ofisi hakatai kazi kwa mdomo wake. Kila mmoja ana sauti yake ndani ya mashine, na hiyo ndiyo inayopokea simu, inayoomba radhi na kumwelekeza mtu kwingine. Mume wangu Hizza ana yake mwaka wa tisa sasa. Nyumbani amebakiwa na neno moja: sitaki.

Nikimwambia twende tukamjulie hali mama, sitaki. Nikimwomba anikunie nazi, kama alivyokuwa akifanya tulipooana, hata uso hainui.

Leo Jumamosi, yeye yuko sebuleni, nikajifungia jikoni na kupiga simu ofisini kwake.

"Naomba unikunie nazi," nikasema.

"Dada yangu, ningefurahi sana," ikajibu sauti yake, ile ile aliyonibembelezea tukiwa wachumba. "Ila leo nimebanwa kweli, uniwie radhi. Hapo ulipo kuna mtu mwingine?"

"Yupo mume wangu."

"Basi mwombe yeye, dada. Hawezi kukukatalia."

Nikaiomba ile sauti irudie maneno hayo.