Kutoka Ikungi kwa Miguu

Selina alichomoa miiba minne kwenye nyayo za mumewe, na mumewe hakuacha kula.

"Huu wa mwisho ulikuwa umezama, baba Elina."

"Nilikwambia miguu imekomaa," alisema Bonaventura.

Kwenye bakuli kulikuwa na mlenda mtupu, bila ugali. Ilikuwa miaka mitatu baada ya vita vya Hitla. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu miwili, ng'ombe wao wa mwisho alikuwa amefia zizini, na Selina alishaichemsha ngozi yake wakaila. Mtoto wao mdogo, Dina, alikuwa ameanza kuvimba uso kwa njaa. Pale Unyambwa watu walikuwa wamezika watoto watano tangu kiangazi kianze.

Miezi minne kabla ya jioni hiyo ya miiba, boma la Singida lilikuwa limetangaza kwamba linataka tarishi wa kupeleka barua vijijini. Atakayekimbia kutoka Ikungi hadi bomani, maili zaidi ya ishirini, akawatangulia wenzake, kisha daktari akamkubali, atapata kazi, na kila Jumamosi posho ya unga. Mashindano yangekuwa baada ya miezi mitano. Bonaventura hakusikia habari ya kazi. Alisikia unga.

Siku ya kwanza alitoka mbio kama mtu anayefukuzwa na simba. Hakumaliza hata maili nne. Alirudi anatembelea visigino, nyayo zimechubuka, machozi yanamtoka.

Kesho yake alikwenda kwa mzee Antipasi, aliyekuwa tarishi tangu enzi za Wajerumani hadi goti lilipomkatalia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unataka kuimaliza njia ya Ikungi kwa siku moja."

"Watoto wangu hawana siku nyingi, mzee."

Antipasi alionyesha kwa kidole majabali yaliyoonekana kwa mbali. "Wiki hii kimbia mpaka kwenye yale majabali, basi, hata kama bado una nguvu. Ukiyafikia siku tatu mfululizo bila kusimama, ongeza mpaka korongoni. Halafu ongeza tena kidogo. Na miguu ikiuma, pumzika. Maumivu ndiyo yanayomwambia tarishi aishie wapi."

Bonaventura alishika maneno hayo kama sala. Wiki mbili zilikuwa za majabali. Nyingine tatu zilikuwa za korongo, ambako mchanga ulimchoma hata akatamani kulia tena. Alikuwa anakimbia alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa sababu tumbo tupu na jua havipatani. Siku nyingine alianguka. Aliinuka, akarudi kwa kutembea, na kesho yake akaanza tena palepale alipoishia.

Halafu, mwezi wa nne wa mazoezi, miguu ikaanza kumtii. Mchanga ulikuwa kama mkeka. Mawe hayakumsumbua. Jioni moja kaa la moto lilidondoka kutoka mafigani likatua juu ya kidole chake, na Selina ndiye aliyelipangusa.

Alikwenda kumshukuru mzee Antipasi.

"Siku hizi haiumi, mzee."

"Imepungua?"

"Haiumi kabisa."

Antipasi aliitazama ile miguu kwa muda mrefu. "Mimi iliniuma miaka kumi na tisa," alisema.

Asubuhi ya kuondoka kwenda Ikungi, Dina hakuweza kuinua kichwa. Selina alimshika mume wake mkono mlangoni.

"Ukishindwa, rudi tu. Usifie njiani."

"Nikishindwa nitarudi na nini, mama Elina?"

Walikuwa wanaume tisa mstarini. Idrissa, mchunga ng'ombe wa Ikungi mwenye miguu mirefu, aliwaacha wote mapema. Jua lilipopanda, barabara ikawaka. Mmoja mmoja walianza kuruka pembeni wakitafuta majani makavu ya kukanyaga. Bonaventura alibaki katikati ya barabara. Kifua kilikuwa kinapasuka, macho yanaona giza, lakini miguu ilikwenda tu. Kila alipotaka kusimama aliona uso wa Dina uliovimba.

Karibu na maili ya kumi na saba alimkuta Idrissa amekaa chini, amekumbatia wayo wake, analia kwa sauti. Alimpita.

Ziwa Singidani lilipong'aa mbele yake alijua kwamba hakuna mtu nyuma. Aliingia bomani peke yake, akaanguka kwa magoti mbele ya karani. Karani akaandika jina lake juu kabisa ya orodha, akamwambia, "Hongera. Bado daktari tu."

Kwenye sakafu ya saruji alikuwa ameacha nyayo za damu. Dresa, msaidizi wa daktari, alimkalisha kwenye benchi, akamwosha miguu, kisha akatoa kwenye wayo kipande cha chupa kirefu kama kidole.

"Umekimbia na hiki tangu wapi?"

"Sijui," alisema Bonaventura. "Hakikunisumbua."

Watu waliokuwa dirishani wakacheka kwa kustaajabu. Mmoja alisema huyu si mtu, ni chuma. Bonaventura naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze.

Daktari, Mzungu mzee mwenye miwani, hakucheka. Alivuta kiti, akaushika ule mguu, akaugeuza kwenye mwanga.

"Fumba macho," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Nitakugusa na sindano. Ukisikia, sema."

Bonaventura alifumba macho. Alikuwa anawaza jinsi Selina atakavyosonga ugali Jumamosi, na kama Dina atakula kidogo kidogo au kwa pupa. Wale wa dirishani walikuwa wameanza kurudi nyuma.

Sindano ilizama wayoni mara ya tano. Dresa alichukua kalamu, akalikata jina lake kwenye orodha ya tarishi, akaliandika kwenye kitabu cha wagonjwa wa ukoma.

"Niko tayari, bwana," alisema Bonaventura, macho bado ameyafumba. "Anza tu."