Dole Gumba la Balozi

Balozi wa nyumba kumi hakutia saini upesi kama Limi alivyotarajia. Aliiweka barua ya kuthibitisha kazi ya Limi gotini akaanza kuisoma mwenyewe, kidole kilichopasuka kwa kuchuma pamba kikitambaa chini ya kila neno, kama Limi alivyomfundisha kwenye darasa la kisomo.

Miaka hiyo, bila miaka miwili ya kazi, chuo kikuu hakikumpokea mtu. Na Limi alikwisha kupanga: asome siasa haraka, kwa miaka miwili badala ya mitatu, kisha aingie sheria. Hakuwa na mwaka mwingine wa kupoteza kijijini Masumbwe.

"Amefundisha kijijini kwetu," balozi alisoma polepole, "mi-a-ka mi-wi-li."

Kidole kikasimama. Limi alikuwa amefundisha mwaka mmoja tu, na barua aliiandika yeye mwenyewe. Akainamisha uso.

Wiki iliyopita balozi aliandika jina lake kwa mara ya kwanza, darasa zima likampigia makofi. Sasa aliiweka kalamu chini, akafungua kikopo cha wino wa muhuri, akakandamiza dole gumba humo, kisha kwenye karatasi.

"Andika hapo pembeni, mwalimu," alisema bila kumtazama, "kwamba balozi hajui kusoma."