Kobe Mezani

Saa mbili asubuhi unga wa chapati uliokandwa ulikuwa umetandazwa juu ya ubao, mezani kwa Kadzo. Kwa sheria, ardhi ni ya kiumbe aliyeikanyaga kwanza, maadamu kizazi chake kingali hai. Sakafu ya Kadzo ilikuwa mwamba wa mchanga, na karibu na mlango palikuwa na nyayo zilizogeuka jiwe.

Mpimaji, Bwana Mwatela, alifika na kobe kapuni. Kobe hutembezwa juu ya unga ili nyayo zake zilinganishwe na zile za mwambani; unga hukandwa na mwenye nyumba, asije akasema ameonewa.

"Mama Umazi, mbona unga tepetepe?" alimwuliza Kadzo.

"Maji yalinizidi, baba. Hata mama mkwe hunisema."

"Basi chapati zako huliwa kwa kijiko."

Kadzo alicheka. Maji aliyazidisha makusudi, ili nyayo za kobe zivurugike zisifanane na zile za mwambani.

Kobe alitembea akizama, akiburura miguu. Mwatela aliubeba ubao, akaulaza kando ya nyayo za kale. Kila unyayo ulikuwa na mburuzo nyuma yake, mwambani na kwenye unga pia.

"Kobe wa kale alipita hapa pakiwa tope," Mwatela alisema taratibu. "Ungeukanda mgumu, mama, nisingeona mfanano wowote."

 Mume wa Kadzo alikwisha kuanza kutoa godoro nje.

Saa nne kobe alioshwa miguu, akawekwa sebuleni, na mlango ukafungwa kwa nje.