Kahawa Iliyopoa

Sheikh Ghalib, mwenye mashamba ya minazi Kirongwe, alisimama mlangoni kwa mkwezi wake, akachungulia ndani kabla ya kupiga hodi.

Alimpa mkewe talaka tatu kwa hasira ya kahawa iliyopoa. Kumrejea hawezi mpaka aolewe na mwingine, kisha aachwe. Basi mkwezi akaombwa amwoe bibi huyo, na leo ndiyo siku ya kumwacha.

Ndani, bibi alimmiminia mkwezi kahawa. Haikufuka moshi.

"Imepoa, bwana. Niipashe?"

"Hata ikipoa, si umeipika wewe?" Mkwezi akainywa yote.

Bibi akacheka. Alipogeuka, akamwona Ghalib.

"Karibu, Sheikh," alisema, akavuta ushungi haraka kufunika nywele, kama afanyavyo mwanamke mbele ya mwanamume asiye wake.