Kiti cha Kushoto

Lidwina alifungua mlango wa gari la mashindano, akakaa kushoto, pale alipokuwa akikaa marehemu mumewe, msoma ramani. Akapapasa kiti, akitafuta lile tundu la sigara alilowahi kumgombezea mbele ya mashabiki. Kiti kilikuwa kipya.

"Cha zamani nilikitoa, mama," muuzaji alijigamba. "Siku hizi vipuri vinaingia tele. Mashine hii ukiikanyagia hapa Songea, Peramiho ni kufumba na kufumbua!"

Lidwina alishuka, akaelekea getini. Mlinzi aliinuka haraka kwenye kiti cha gari kilichochakaa.

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

Lidwina aliinama. Kidole chake kikaingia tunduni.

"Hiki mnauzaje?"

"Na gari je, mama?" muuzaji aliuliza nyuma yake.

Lidwina alikuwa ameshakaa.